Magari ya umeme: Programu ya udereva ikibadilishwa, mnunuzi na dereva wajue nini?

Mfanyabiashara anayeagiza gari la mtumba kupitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam anajua namna ya kulikagua. Anafungua boneti, anasikiliza injini, anatazama matairi, anauliza limetembea kilomita ngapi na anahakikisha kuwa karatasi zake ni safi. Gari likipita hapo, anajua alichonunua.

Kwa magari ya umeme ya miaka hii ukaguzi huo hautoshi. Sehemu kubwa ya tabia ya gari imo ndani ya programu ya kompyuta, na programu hiyo hubadilishwa na kiwanda kwa njia ya intaneti, mara nyingi usiku gari likiwa limeegeshwa. Dereva analala akiwa na gari analolijua, anaamka na gari linalofunga breki kwa namna nyingine, au lililopungukiwa uwezo liliokuwa nao jana.

Wenye magari wa Marekani na Ulaya wameishi na hali hiyo kwa zaidi ya miaka 10 sasa, hasa wenye magari ya Tesla, kampuni iliyowatangulia wengine katika kubadilisha programu za magari yaliyokwisha kuuzwa. Makala haya yanakusanya yale waliyoyapitia, ya faida na ya hasara. Yanatuhusu kwa sababu magari ya umeme yanazidi kuingia katika biashara ya eneo letu. Rwanda ilipitisha nafuu za kodi kwa magari hayo mwaka 2021, na Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024.

Mfumo wa kumsaidia dereva ni kitu gani?

Ni kamera, na kwa baadhi ya magari rada pia, zinazotazama barabara na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta hiyo hufanya kazi kuu tatu. Ya kwanza ni kushika mwendo na umbali kutoka gari la mbele. Ya pili ni kugeuza usukani ili gari libaki ndani ya leni yake. Ya tatu ni kufunga breki za dharura pale dereva anapochelewa.

Wahandisi wameipanga mifumo hii katika madaraja kuanzia 0 hadi 5. Mifumo inayozungumzwa hapa, yaani Autopilot na Full Self-Driving kwenye magari ya watu binafsi, ni ya daraja la 2. Maana yake ni kwamba gari linaweza kushika usukani na mwendo kwa wakati mmoja, lakini dereva ndiye anayetakiwa kutazama barabara muda wote, na likitokea jambo yeye ndiye anayetakiwa kuchukua hatua.

Majina yenyewe yamewapotosha wengi. Full Self-Driving maana yake ni kujiendesha kikamilifu, kitu ambacho gari hilo halifanyi bila mtu wa kulisimamia. Mwaka 2024 kampuni iliongeza neno kwenye jina hilo kuonyesha kuwa linafanya kazi chini ya usimamizi wa dereva.

Gari lile lile, uwezo mpya

Magari ya Tesla aina ya Model S yalianza kufungwa kamera na rada mwaka 2014. Kwa takribani mwaka mzima vifaa hivyo havikuweza kushika usukani. Mwezi Oktoba 2015 likaja toleo la 7.0 la programu, na gari lililokuwa uani tangu mwaka uliopita likaanza kushika leni lenyewe kwenye barabara kuu. Hakuna fundi aliyeligusa.

Wenye magari wengi walifurahi. Baadhi yao walifurahi kupita kiasi, wakajipiga picha za video wakiwa wameachia usukani. Mwezi Januari 2016, miezi mitatu tu baadaye, toleo la 7.1 lilipunguza uwezo huo. Katika barabara za makazi na zile zisizo na kizuizi katikati, gari likiwa linajishikia usukani halikuruhusiwa tena kuzidi kikomo cha mwendo cha barabara hiyo kwa zaidi ya kilomita 8 kwa saa.

Kwa hiyo tangu mwanzo ilionekana wazi kuwa kinachotolewa kwa intaneti kinaweza kurudishwa kwa njia hiyo hiyo, na mwenye gari haulizwi sana.

Faida zake si za kubeza. Mwezi Mei 2018 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima breki za Model 3 na kukataa kulipendekeza gari hilo kwa wanunuzi, kwa kuwa lilihitaji takribani mita 46 kusimama kutoka mwendo wa kilomita 96 kwa saa. Kampuni ilituma toleo jipya la programu ya breki. Siku chache baadaye gari lile lile lilipopimwa tena lilisimama kwa takribani mita 40 na nusu. Kwa kawaida kasoro ya namna hiyo ingemlazimu mwenye gari kupanga foleni gereji.

Ajali mbili za matela

Kwa wasafirishaji wa mizigo, habari iliyo muhimu kuliko zote ni ya tarehe 7 Mei 2016, karibu na mji wa Williston, jimbo la Florida. Lori lenye tela lilikuwa linakata barabara kuu kuelekea kushoto. Gari la Tesla lililokuwa likija kwa mwendo wa kilomita 119 kwa saa, mfumo wa Autopilot ukiwa umewashwa, liliingia chini ya ubavu wa tela bila breki kufungwa. Dereva wake alifariki.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwezi Septemba 2017. Ilieleza kuwa dereva wa lori hakumpisha mwenye haki ya njia, na kuwa dereva wa gari dogo alikuwa amelitegemea gari kupita kiasi. Katika dakika 37 ambazo mfumo ulikuwa umewashwa safarini, mikono yake ilihisiwa kwenye usukani kwa sekunde 25 tu. Ilibainika pia kuwa breki za dharura za gari hilo hazikuundwa kutambua chombo kinachokata barabara kwa ubavu. Ziliundwa kutambua mgongo wa gari lililo mbele.

Mwezi Septemba 2016, kabla uchunguzi huo haujakamilika, kampuni ilitoa toleo la 8.0. Toleo hilo liliipa rada kazi kubwa zaidi. Aidha, dereva aliyepuuza maonyo mara tatu alizimiwa mfumo mpaka aegeshe gari. Hata hivyo, tarehe 1 Machi 2019, katika eneo la Delray Beach, jimbo hilo hilo la Florida, Tesla nyingine ikiwa na mfumo wazi iliingia chini ya ubavu wa tela lililokuwa likikata barabara. Dereva wake naye alifariki.

Hapa kuna jambo la kukaa nalo kila dereva wa lori. Gari dogo linalokuja linaweza kuwa na kamera nane na bado lisiione tela yako. Unapokata barabara kuu, unapogeuza lori au unapoharibikiwa na kusimama pembeni usiku, usidhani kuwa gari la kisasa litasimama lenyewe. Pembetatu za kuakisi mwanga, stika za kuakisi ubavuni mwa tela na taa nzima bado ndizo kinga yako.

Breki za ghafla bila sababu

Malalamiko yaliyorudiwa sana na wenye magari ni ya gari kufunga breki ghafla barabarani pasipo na kitu mbele. Wenyewe waliziita breki za mzuka. Walieleza kuwa gari lilistuka kwa kivuli cha daraja, kwa lori lililokuwa likija upande wa pili, au bila sababu yoyote iliyoonekana.

Mwezi Mei 2021 kampuni iliacha kufunga rada kwenye Model 3 na Model Y zinazouzwa Amerika Kaskazini, ikategemea kamera peke yake. Mwanzoni magari hayo mapya yaliuzwa yakiwa na masharti kuliko yale ya zamani: mfumo wa kushika leni uliwekewa kikomo cha mwendo wa takribani kilomita 120 kwa saa, na umbali wa kufuata gari la mbele ukaongezwa. Mwezi Februari 2022, Idara ya Usalama wa Barabara Kuu ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi wa magari takribani 416,000 ya aina hizo mbili baada ya kupokea malalamiko 354 ya breki za ghafla katika miezi tisa.

Mfano mwingine ni wa Oktoba 2021. Kampuni ilituma toleo la 10.3 la Full Self-Driving kwa madereva waliokuwa wakilifanyia majaribio. Ndani ya saa chache walianza kuripoti maonyo ya kugongana yasiyo ya kweli, na mengine yaliambatana na breki. Kampuni ililiondoa toleo hilo, ikarudisha la zamani, kisha ikatuma jingine lililorekebishwa. Magari 11,704 yalihusika. Sababu iliyotajwa ni kukatika kwa mawasiliano kati ya vipande viwili vya kompyuta ya gari.

Kosa lilitumwa na kurekebishwa ndani ya siku chache tu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini katika siku hizo walikuwapo watu barabarani, na nyuma yao walikuwapo wengine ambao hawakuomba kushiriki katika majaribio. Dereva wa lori lililobeba mzigo kamili anayelifuata gari dogo kwa karibu hana nafasi ya kusimama endapo gari hilo litastuka. Ukiwa nyuma ya gari la namna hiyo, ongeza umbali.

Kurekebisha bila kwenda gereji

Katika sheria ya Marekani, kasoro ya usalama humlazimu mtengenezaji kutangaza kwamba magari yanarudishwa kwa marekebisho. Kwa magari haya tangazo hutolewa, lakini marekebisho yenyewe hufika kwa intaneti. Yafuatayo ni baadhi yake:

- Februari 2022: magari 53,822, kwa sababu programu iliruhusu gari kupita alama ya kusimama likitembea polepole bila kusimama kabisa.
- Februari 2023: magari 362,758 yenye Full Self-Driving, kwa sababu ya tabia hatari kwenye makutano ya barabara, kama kunyoosha moja kwa moja kutoka leni ya kukata kona.
- Desemba 2023: magari zaidi ya milioni 2, kwa sababu mfumo haukuwa na uwezo wa kutosha wa kuhakikisha kuwa dereva yuko makini.

Toleo la Desemba 2023 liliongeza maonyo na kuyafanya yaonekane zaidi kwenye kioo. Baadhi ya wenye magari walilalamika kuwa gari limekuwa na kelele nyingi. Kwa upande mwingine, NHTSA iliona kuwa huenda marekebisho hayakutosha. Mwezi Aprili 2024 ilifunga uchunguzi wake wa kwanza ikisema imeona angalau ajali 13 zilizoua watu ambamo matumizi mabaya ya mfumo yalionekana kuchangia, na siku hiyo hiyo ikafungua uchunguzi mwingine wa marekebisho yenyewe. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba ajali ziliendelea kutokea katika magari yaliyokwisha kurekebishwa, na kwamba sehemu ya marekebisho ilimtaka mwenye gari aichague mwenyewe, naye angeweza kuiondoa kwa urahisi.

Hoja hiyo ya mwisho inawagusa wenye magari mengi kwa pamoja. Gari linaweza kuandikwa kuwa limerekebishwa huku dereva wa jana akiwa amekwisha kuzima marekebisho hayo. Mwenye kampuni asiyefungua kioo na kutazama mipangilio hatajua.

Nani analipa ajali ikitokea?

Swali hili limefika mahakamani. Mwezi Agosti 2025 baraza la mahakama mjini Miami lilitoa uamuzi kuhusu ajali ya mwaka 2019 katika eneo la Key Largo, Florida. Dereva aliinama kuokota simu iliyoanguka huku Autopilot ikiwa wazi. Gari lilipita makutano na kugonga gari lililoegeshwa, likamuua msichana mmoja na kumjeruhi mwenzake. Baraza liliona kuwa dereva alichangia asilimia 67 na kampuni asilimia 33. Kampuni iliamriwa kulipa takribani dola milioni 243, kiasi kikubwa kikiwa cha adhabu. Kampuni ilisema itakata rufaa.

Wengi walitazama mamilioni ya dola. Msafirishaji atazame pia ile asilimia 67. Hata pale kampuni ilipokutwa na kosa, sehemu kubwa zaidi ya lawama ilibaki kwa mtu aliyekuwa nyuma ya usukani. Dereva atakayemwambia trafiki kuwa gari lilikuwa linajiendesha asitegemee kuachiwa.

Mpaka wa nchi hubadilisha gari

Wafanyabiashara wa mipakani wanajua kuwa sheria hubadilika ukivuka kizuizi. Kwa magari haya hata uwezo wa gari hubadilika kutokana na soko lilikouzwa.

Katika mwaka 2019 wenye Tesla wa Ulaya walipokea toleo lililopunguza uwezo wa magari yao ili yatii kanuni za Umoja wa Mataifa zinazohusu usukani. Nguvu ya kukata kona iliwekewa kikomo. Gari likiwa limeonyesha ishara ya kuhama leni lilipaswa kuanza kuhama ndani ya sekunde 5, la sivyo liache. Kuliita gari kwa simu kutoka maegesho kuliruhusiwa tu pale mwenyewe anapokuwa ndani ya mita 6. Madereva walieleza kuwa kona ambazo gari lilikuwa linazipita vizuri wiki iliyotangulia, sasa lilikuwa likikata tamaa katikati na kuwaachia usukani. Mwenzao wa Marekani aliyenunua gari la aina hiyo hiyo hakuguswa.

Tangu hapo serikali zimeanza kudai usimamizi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 156 inamtaka mtengenezaji awe na utaratibu unaokaguliwa wa kubadilisha programu za magari. Katika Umoja wa Ulaya ilianza kuwabana watengenezaji wa aina mpya za magari mwezi Julai 2022, na magari yote mapya mwezi Julai 2024. China nayo, baada ya ajali ya mwezi Machi 2025 ya gari la umeme la Xiaomi iliyoua watu watatu katika jimbo la Anhui, iliwaita watengenezaji mwezi Aprili na kuwakataza kutumia wateja kujaribia programu hizi au kuzibadilisha kiholela bila idhini. Habari hiyo ina uzito kwetu, kwa kuwa magari mengi mapya ya umeme yanayoletwa Afrika Mashariki yanatoka China.

Upande wa kuendeshea nao ni suala. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Dereva anayevuka Gatuna au Rusumo hubadilisha upande akilini mwake kwa sekunde chache, lakini programu hufanya kile tu ilichotayarishiwa na kuruhusiwa kufanya. Full Self-Driving ilianza Marekani kwa madereva wachache mwaka 2020, na ilifika Australia na New Zealand, nchi zinazoendesha kushoto, mwaka 2025. Hata pale mfumo unapowaka, ulijifunza zaidi barabara zenye mistari iliyopakwa vizuri. Tuta lisilo na alama, mkokoteni usio na taa, ng'ombe wanaovuka na bodaboda inayokuja upande usio wake ni mambo ambayo dereva wetu huyaona kila siku. Usiiachie programu ikutazamie hayo.

Mnunuzi wa mtumba na kitu kisichoonekana

Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya mnunuzi mmoja wa Marekani aliyenunua Model S ya mwaka 2017 kutoka kwa muuza magari. Muuzaji huyo alikuwa amelipata gari kwenye mnada, likiwa limetoka kwa kampuni yenyewe, na vifurushi vya udereva vya thamani ya dola 8,000 vimeandikwa kwenye karatasi ya bei. Baada ya kulinunua, mteja aligundua kuwa vifurushi hivyo vimeondolewa kwa mbali. Kampuni ilikuwa imefanya ukaguzi wa kumbukumbu zake na kuona kuwa gari hilo halikulipiwa. Habari ilipoenea, uwezo huo ulirudishwa. Mnunuzi wa huku aliyekwisha kulipia meli, ushuru na wakala wa forodha angekuwa na kazi kubwa zaidi ya kudai haki yake.

Bei nayo haishikiki. Full Self-Driving iliuzwa dola 10,000 mwishoni mwa mwaka 2020, ikafika dola 15,000 mwaka 2022, ikashuka hadi dola 8,000 mwezi Aprili 2024. Tangu mwaka 2021 Wamarekani waliweza pia kuilipia kwa mwezi. Muuzaji anayekuongezea bei kwa sababu gari lina mfumo huo akuonyeshe kwanza kama ulinunuliwa moja kwa moja au ulikuwa wa kulipia kila mwezi. Wa kila mwezi huishia pale malipo yanapoishia.

Angalia pia kompyuta iliyomo. Mwaka 2016 kampuni ilisema magari yake yote mapya yana vifaa vyote vinavyohitajika kwa kujiendesha. Mwaka 2019 ilileta kompyuta mpya, na baadhi ya waliokwisha kulipia walibadilishiwa. Mwezi Januari 2025 mkuu wa kampuni, Elon Musk, alikubali kuwa hata hiyo ya 2019 italazimika kubadilishwa kwa walionunua Full Self-Driving. Waliolipa miaka mingi nyuma walikuwa bado wanasubiri walichoahidiwa. Nunua gari kwa kile linachofanya leo mbele ya macho yako. Ahadi ya toleo lijalo usiilipie hata shilingi.

Na malori je?

Msafirishaji anaweza kusema haya ni mambo ya magari madogo ya kifahari. Sivyo. Katika Umoja wa Ulaya, malori mapya yalitakiwa kuwa na breki za dharura za kujifunga na onyo la kutoka kwenye leni tangu Novemba 2015. Baadhi ya vichwa vya malori vya mtumba kutoka Ulaya vinavyofanya safari za Afrika Mashariki ni vya miaka hiyo.

Rada ya lori kama hilo mara nyingi hukaa mbele, chini karibu na bampa, na kamera hukaa nyuma ya kioo kikubwa. Ukichomelea bampa la chuma mbele ya rada unaifumba macho. Ukibadilisha kioo bila kamera kupimwa upya inaweza kutazama pembeni. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, wengine huifunika kwa gundi na safari ikaendelea. Dereva anayekabidhiwa lori hilo haambiwi kama breki za dharura ziko hai, zimekufa, au zinaweza kustuka bila sababu. Ajulishwe kwa maandishi.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kulipa:

1. Omba picha ya kioo cha gari inayoonyesha namba ya toleo la programu, aina ya kompyuta na vifurushi vilivyomo. Picha iwe ya siku hiyo, na namba ya chasisi ionekane.
2. Uliza gari liliuzwa kwanza kwa soko la nchi gani.
3. Hakikisha mwenye gari wa zamani ameliondoa kwenye akaunti yake na kukukabidhi. Asiyefanya hivyo anaweza kuendelea kuliona gari na hata kulifungulia milango kutoka kwenye simu yake.
4. Andika kwenye mkataba kila uwezo wa programu uliolipiwa, na nani atawajibika ukiondolewa.
5. Tafuta kwa namba ya chasisi kama gari limewahi kutangazwa kurudishwa kwa marekebisho. Kwa magari ya Marekani huduma hiyo hutolewa bure na NHTSA.

Baada ya kulipata:

6. Panga muda wa kupakia toleo jipya. Isiwe usiku wa kuamkia safari ndefu.
7. Soma maelezo yanayokuja na toleo. Kama ni ya lugha usiyoielewa, tafuta wa kukusomea kabla ya kuliendesha gari.
8. Baada ya kila toleo, jaribu breki, usukani na maonyo mahali pasipo na watu, kwa mwendo mdogo, kama vile gari limetoka gereji.
9. Weka daftari la gari: tarehe, namba ya toleo, mabadiliko yaliyoonekana na jina la dereva. Ajali ikitokea, daftari hilo litakuwa ushahidi wako.
10. Wakataze madereva kufunga uzito kwenye usukani ili kulidanganya gari. Vifaa vya namna hiyo viliuzwa Marekani, na mwezi Juni 2018 NHTSA iliamuru muuzaji mmojawapo aache.

Wenye magari waliotangulia hawakubaliani kama mifumo hii ni mizuri au mibaya. Wapo wanaosema imewapunguzia uchovu wa safari ndefu, na wapo walioizima kabisa baada ya breki ya kwanza ya mzuka. Walichojifunza wote ni kuwa kila toleo jipya linaleta gari ambalo dereva hajalizoea. Dereva akipewa lori jipya hulizunguka, hugonga matairi na kujaribu breki kabla ya kutoka getini. Afanye hivyo pia asubuhi ile kioo kinapomwambia kuwa programu imebadilishwa.